Habeas corpus ni amri kwa anayemshikilia mtu, si ombi la maiti

Msomaji mmoja wa Kenya anaeleza kwamba alisikia katika taarifa ya habari kuwa mawakili wamepeleka mahakamani maombi ya habeas corpus kwa niaba ya kijana aliyechukuliwa barabarani na watu waliokuwa ndani ya gari lisilo na alama. Mjomba wake, waliyekuwa wameketi pamoja, akasema kwamba maneno hayo maana yake ni “tupeni mwili”, na kwamba mawakili wakifikia hatua ya kuyatamka wamekwisha kata tamaa kwamba mtu wao yu hai. Msomaji anauliza kama mjomba yuko sahihi, maneno hayo yalitoka wapi, kwa nini bado yanasemwa kwa Kilatini katika mahakama zinazoendeshwa kwa Kiingereza, na yana faida gani iwapo polisi wanaapa kwamba kijana huyo hawamjui.

Kwa heshima zote kwa mjomba, hapo amepatia nusu. Neno corpus kweli ni mwili, lakini hakuna mahali popote katika amri hiyo panapozungumziwa maiti, na anayepeleka maombi ya habeas corpus anafanya hivyo kwa sababu anaamini kwamba mtu wake yu hai na yuko mikononi mwa mtu fulani anayejulikana au anayeweza kujulikana. Ni muhimu jambo hili lieleweke vizuri, kwa maana familia inayodhani kwamba kuomba habeas corpus ni kukiri msiba inaweza kusita kuomba, na katika mashauri ya namna hii kila siku inayopotea ina uzito wake.

Tuanze na lugha yenyewe. Habeas ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuwa na kitu au kukishika, kikiwa katika dhamira tegemezi na kikielekezwa kwa mtu mmoja, yaani hali ileile ambayo sisi tunaionyesha kwa kiishio cha “-e” tunaposema “uje”, “ulete”, “uwe”. Kwa hiyo habeas corpus ni “uwe na mwili”, na mtu yeyote anayejua Kiswahili ataona mara moja kwamba maneno hayo hayajitoshelezi, kwa sababu “uwe” huhitaji kutanguliwa na kauli inayoamuru. Kauli hiyo ilikuwapo. Mfalme wa Uingereza, kupitia mahakama yake, alimwandikia mkuu wa gereza praecipimus tibi, “tunakuamuru”, kisha sentensi ikaendelea kwa namna ambayo naweza kuifasiri hivi: tunakuamuru kwamba mwili wa fulani, anayezuiliwa chini ya ulinzi wako kama inavyosemekana, pamoja na siku na sababu ya kukamatwa na kuzuiliwa kwake, kwa jina lolote analoitwa humo, uwe nao mbele yetu, ili apokee na atendewe yale ambayo mahakama itaona yanafaa juu yake. Hati ilimalizika kwa kumtaka mpokeaji afike na hati yenyewe siku hiyohiyo.

Maneno machache ndani ya sentensi hiyo ndefu yanastahili kutazamwa kwa karibu. “Kama inavyosemekana” yanaonyesha kwamba mahakama ilikuwa haijathibitisha kuwa mtu huyo anazuiliwa; ilitosha kwamba kuna watu walioapa hivyo. “Kwa jina lolote analoitwa humo” yaliandikwa ili askari jela asije akajificha nyuma ya jina lililokosewa herufi. “Siku na sababu” ndiyo roho ya hati nzima, kwa kuwa anayemshikilia mtu hatakiwi kumleta tu, bali pia aeleze amemshika tangu lini na kwa mamlaka gani. Kuhusu neno mwili, mahakama za Uingereza za zama za kati zilikuwa na njia mbili kuu za kumlazimisha mtu afike mbele yao: kukamata mali yake, au kumkamata yeye mwenyewe. Corpus ilitaja njia ya pili. Ilimaanisha mtu mwenyewe ana kwa ana, akiwa na miguu yake, si wakili wake, si mdhamini wake wala si ng’ombe wake.

Zilikuwapo amri kadhaa zenye kuanza kwa habeas corpus, kila moja ikitofautishwa na maneno ya mwisho. Ad testificandum ilimtoa mfungwa gerezani ili atoe ushahidi, na ad respondendum ilimleta ajibu madai ya mtu mwingine. Ile tunayoisikia kwenye habari ni ad subjiciendum, “ili awekwe chini ya uamuzi”, nayo ndiyo iliyopata umaarufu hata ikabaki na jina fupi peke yake.

Sasa, ilitoka wapi? Jibu linalorudiwa mara nyingi ni Magna Carta, hati ya haki ambayo mfalme wa Uingereza aliikubali mwaka 1215, lakini hati hiyo haitaji habeas corpus popote. Ibara yake ya 39 inasema kwamba mtu huru hatakamatwa wala kufungwa isipokuwa kwa hukumu halali ya watu wa hadhi yake au kwa sheria ya nchi, na karne nyingi baadaye wanasheria waliifunga kanuni hiyo na amri yetu kana kwamba zilizaliwa pamoja. Amri yenyewe ilikuwa na mwanzo mnyonge zaidi. Katika karne ya 13 ilikuwa chombo cha kuwaleta watu mahakamani, mara nyingi watu ambao hawakutaka kuja, na hata wazee wa baraza walioitwa kusikiliza mashauri waliletwa kwa amri ya jamii hiyohiyo. Haikumtoa mtu kifungoni; ilimvuta mbele ya jaji. Baadaye mahakama kuu za mfalme zikaanza kuitumia kuhoji mahakama ndogo na mabaraza mengine: mna mtu wetu huko, mleteni tumwone, na mtuambie mnamshikilia kwa sababu gani. Nguvu yake ilitokana na dai kwamba mfalme ana haki ya kujua kwa nini raia wake yeyote amenyimwa uhuru, awe anashikiliwa na nani.

Dai hilo lilipofuatwa hadi mwisho wake, likamgeukia mfalme mwenyewe. Mwaka 1627 Charles I aliwafunga watu waliokataa kumkopesha fedha kwa lazima, na watano kati yao, watu wenye cheo cha heshima cha “knight”, akiwamo Thomas Darnel, wakaomba habeas corpus. Mkuu wa gereza alijibu kwamba anawashikilia kwa amri maalumu ya bwana wetu mfalme, basi, bila kutaja kosa lolote. Majaji wakawarudisha gerezani. Uamuzi huo uliliudhi Bunge, na mwaka uliofuata tamko lake lililoitwa Ombi la Haki likamlazimisha mfalme kukubali kwamba mtu hafungwi bila sababu kuonyeshwa. Hata hivyo mianya ilibaki mingi. Wakuu wa magereza walichelewesha majibu, walimhamisha mfungwa kutoka gereza hadi gereza ili hati imkose, na serikali ya Charles II ikashutumiwa kwa kuwapeleka watu visiwani na ng’ambo ambako hati za London hazikuwafikia. Mwaka 1676 Francis Jenkes alifungwa kwa hotuba ya kudai Bunge jipya, naye akaambiwa kwamba mahakama iko likizoni.

Sheria ya Habeas Corpus ya 1679 iliziba mianya hiyo mmoja baada ya mwingine, na ndiyo maana inasomeka kama kazi ya watu waliochoshwa na hila za aina moja. Mtu akizuiliwa ndani ya maili 20 kutoka mahakamani lazima aletwe katika siku tatu, na akiwa mbali zaidi ya maili 100, katika siku ishirini. Afisa asiyetii hutozwa pauni 100 kwa mara ya kwanza na pauni 200 kwa mara ya pili, na kazi hupotea. Jaji anayekataa kutoa hati wakati wa likizo hutozwa pauni 500, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Ikakatazwa pia kumpeleka mfungwa Scotland, Ireland, Jersey, Guernsey, Tangier au mahali popote ng’ambo. Askofu Burnet, aliyeandika historia ya enzi hizo, anasimulia kwamba sheria hiyo ilipita katika Bunge la Malodi kwa sababu mmoja wa wahesabu kura alimhesabu lodi mnene kuwa watu kumi kwa mzaha na mwenzake asitambue. Sisimami juu ya hadithi hiyo kama ushahidi, ingawa matokeo yaliyoandikwa, kura 57 dhidi ya 55, yalizidi idadi ya malodi waliotajwa kuhudhuria siku hiyo.

Ningependa nikae kidogo na kesi moja, kwa sababu inaonyesha namna amri hii inavyofanya kazi kuliko maelezo yoyote ya kitabuni. James Somerset alikuwa Mwafrika aliyeuzwa utumwani na kununuliwa huko Virginia na Charles Stewart, ambaye alimpeleka Uingereza mwaka 1769. Miaka miwili baadaye Somerset alitoroka. Mwezi Novemba 1771 alikamatwa na kufungwa kwa minyororo ndani ya meli iliyoitwa Ann and Mary, iliyokuwa katika Mto Thames ikijiandaa kwenda Jamaica, ambako alikuwa auzwe. Yeye mwenyewe hangeweza kumfikia jaji. Waliokwenda mahakamani ni watu watatu waliomsimamia katika ubatizo wake, Thomas Walklin, Elizabeth Cade na John Marlow, waliotoa viapo kwamba wanamjua na kwamba amefungwa ndani ya meli ile. Lord Mansfield, Jaji Mkuu wa Mahakama ya King’s Bench, akatoa habeas corpus, na ikaelekezwa kwa nahodha, John Knowles.

Tazama ni nani aliyeandikiwa. Hati haikupelekwa kwa Stewart aliyedai kuwa mwenye mali, wala kwa Somerset. Ilipelekwa kwa yule ambaye mtu huyo alikuwa chini ya mkono wake wakati huo. Nahodha alimleta Somerset mahakamani mwezi Desemba na kutoa sababu yake kwa maandishi: huyu ni mtumwa wa Stewart, nimekabidhiwa nimpeleke akauzwe. Kuanzia hapo swali likawa jepesi kulitamka na zito kulijibu: je, sababu hiyo inatambuliwa na sheria ya Uingereza? Mawakili walibishana kwa miezi. Tarehe 22 Juni 1772 Mansfield alisema kwamba utumwa ni jambo la kuchukiza kiasi kwamba hauwezi kusimama ila kwa sheria iliyotungwa waziwazi, na kwa kuwa sheria ya namna hiyo haikuwapo Uingereza, mtu huyo lazima aachiliwe. Hukumu hiyo haikufuta utumwa katika makoloni. Hilo lilingoja sheria ya 1833. Lakini mtu mmoja aliyekuwa ameshapandishwa melini kwa minyororo alitoka mahakamani kwa miguu yake, kwa sababu watu watatu waliapa na nahodha mmoja akalazimika kusema kwa nini anamshikilia.

Kuhusu Kilatini, jibu ni fupi. Hati zote za mahakama za Uingereza ziliandikwa kwa lugha hiyo na kuitwa kwa maneno yake makuu, na Bunge lilipoamuru kwamba kuanzia mwaka 1733 shughuli za mahakama ziendeshwe kwa Kiingereza, majina ya hati yalikuwa yamekwisha zoeleka. Msomaji wa Kiswahili ana nafuu moja hapa: akiyasoma maneno haya kama yalivyoandikwa, ha-be-as kor-pus, anakaribia matamshi ya Waroma kuliko Waingereza wenyewe, ambao irabu zao zilibadilika sana.

Amri hii ilisafiri pamoja na himaya. Katiba ya Marekani inakataza kuisimamisha isipokuwa wakati wa uasi au uvamizi, na katika nchi zetu iliingia kupitia sheria za kikoloni, kisha ikabaki. Kenya inayo katika kifungu cha 389 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, na Tanzania iliiweka katika kifungu cha 390 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985. Kuwapo katika vitabu, hata hivyo, hakukumaanisha kwamba ingeheshimiwa. Sheria ya Tanganyika ya 1962 ya kuwazuilia watu bila kuwashitaki ilisema kwamba amri ya Rais ya kumzuilia mtu haitahojiwa mahakamani, na kifungu kama hicho ndicho adui mkubwa kuliko wote wa habeas corpus, kwa sababu kinalifuta swali la “kwa sababu gani” kabla halijaulizwa. Uganda, mwaka 1966, Michael Matovu aliyekuwa chifu wa kaunti Buganda aliomba habeas corpus akiwa kizuizini. Karatasi za maombi yake zilikuwa na kasoro, lakini Jaji Mkuu Udo Udoma na wenzake walikubali kuzisikiliza kwa kuwa uhuru wa mtu ulikuwa hatarini. Maombi hayakufaulu mwishoni, na kesi hiyo inakumbukwa zaidi kwa kuihalalisha serikali iliyoipindua katiba, ila sehemu ile ya kutoinyonga haki kwa kasoro za karatasi bado inatajwa na mawakili wa kanda nzima.

Aliyelipa gharama kubwa zaidi ni Benedicto Kiwanuka. Alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, aliwahi kuzuiliwa yeye mwenyewe wakati wa Obote, na Idi Amin alimteua kuwa Jaji Mkuu mwaka 1971. Mwezi Septemba 1972 alisikiliza maombi ya habeas corpus ya mfanyabiashara Mwingereza aliyekamatwa na wanajeshi, akaamua kwamba wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kumkamata, na akaamuru aachiliwe. Tarehe 21 ya mwezi huohuo wanajeshi waliingia katika Mahakama Kuu mjini Kampala mchana, wakamtoa Jaji Mkuu ofisini mwake, na hakuonekana tena. Katiba ya Uganda ya 1995 inasema kwamba haki ya kupata amri ya habeas corpus haivunjwi wala haisimamishwi kamwe, nami siwezi kukisoma kifungu hicho bila kumkumbuka. Katiba ya Kenya ya 2010 inaiweka haki hiyo, katika ibara ya 25, miongoni mwa haki nne ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote, pamoja na kutoteswa, kutofanywa mtumwa na kupata kesi ya haki.

Inafaa pia ieleweke kile ambacho amri hii haifanyi. Haimtangazi mtu kuwa hana hatia. Polisi wakimleta mtu na kuonyesha hati halali ya kumkamata na shtaka linalotambulika, kazi ya habeas corpus imekwisha na kesi ya kawaida inaanza, ikiwa na maombi yake ya dhamana na ushahidi wake.

Nimeliacha kwa makusudi swali gumu zaidi, la polisi wanaosema hawanaye. Hapa ndipo udhaifu wa amri hii ulipo, kwa kuwa imetungwa ikidhani kwamba yuko mtu mmoja anayemshika mwingine na anayekubali kwamba anamshika. Mahakama za Uingereza zilikutana na tatizo hilo mwaka 1892, Dkt. Barnardo, mwenye makao maarufu ya watoto, alipodai kwamba mtoto anayetafutwa na mama yake alikwisha kabidhiwa kwa mtu aliyempeleka Kanada. Bunge la Malodi, likikaa kama mahakama ya juu, liliamua kwamba kauli ya mtu kuwa hana tena mwenye kutafutwa haitoshi kuizuia hati isitolewe. Atoe jibu rasmi, kwa kiapo, na mahakama ilipime. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Ufilipino ilienda mbali zaidi kwa kuunda amri nyingine, iitwayo amparo, kwa ajili ya watu waliopotezwa, ambamo afisa wa serikali haruhusiwi kukanusha tu bali lazima aeleze hatua alizochukua kumtafuta aliyepotea.

Kenya imekwisha ona pande zote mbili. Februari 2018 Mahakama Kuu iliamuru Miguna Miguna, wakili na mwanasiasa wa upinzani, aletwe mbele yake, naye akasafirishwa hadi Kanada, kitendo ambacho watunzi wa sheria ya 1679 wangekitambua mara moja. Agosti 2024 wanaume watatu walichukuliwa Kitengela, na Chama cha Wanasheria kikaomba habeas corpus. Polisi walikanusha kuwa nao. Kaimu Inspekta Jenerali aliitwa mara kadhaa asifike, na tarehe 13 Septemba jaji akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama, adhabu iliyoondolewa baada ya yeye kufika. Wiki moja baada ya hukumu hiyo, wanaume wale watatu waliachiliwa wakiwa hai.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mwambie mjomba kwamba familia ya kijana yule haijakubali msiba. Na kama mtajikuta karibu na jambo la namna hii, jueni kwamba si lazima mfungwa mwenyewe aombe. Mzazi, ndugu, rafiki au chama kinaweza kuomba kwa niaba yake, kama walivyofanya wale wasimamizi wa ubatizo wa Somerset. Maombi huambatana na hati ya kiapo, na uzito wake uko katika kuonyesha kwamba mtu huyo yuko chini ya mkono wa mjibu maombi: alionekana mara ya mwisho wapi na saa ngapi, waliomchukua walivaa nini na walisema nini, gari lilikuwa la aina na rangi gani na namba zake ni zipi kama zilionekana, ni vituo gani vya polisi mlivyokwenda kuuliza, nani aliwajibu na namba ya taarifa iliyoandikwa kitabuni ni ipi. Majaji wengi hukataa maombi haya kwa sababu moja tu, kwamba hakuna kilichoonyesha nani anamshikilia; basi yaandikeni mambo hayo siku ileile, mashahidi wangali wanayakumbuka.